Jabali na Maji: Mazingatio ya Jabal Akhdar ya Omani na Haki ya Jirani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaithibitisha kwa majabali, akateremsha maji kutoka mbinguni akayapitisha ndani ya mawe, kisha akayatoa chini kwa kipimo akitakacho Yeye. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyewafundisha watu kugawana maji kama alivyowafundisha kusimama safu moja katika swala, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Enyi ndugu Waislamu, katika Sura ya al-Ghashiya Mwenyezi Mungu amewataka watu watazame vitu vinne: ngamia jinsi alivyoumbwa, na mbingu jinsi ilivyoinuliwa, na majabali jinsi yalivyosimamishwa, na ardhi jinsi ilivyotandazwa. Na sura hii ni katika zile alizokuwa Mtume (s.a.w.) akizisoma katika swala ya Ijumaa na ya Idi, ili isikiwe na watu wengi. Basi imamu huisoma, na maamuma huisikia, na akitoa salamu kila mtu huondoka kwenda zake. Ni wangapi waliokwisha kuitii amri ile ya kutazama? Mwenye kusikia asitazame ni kama aliyepewa barua na bwana wake, akaibusu, akaiweka kichwani, asiifungue.

Kitabu hiki kidogo kimekusudia kumfungulia msomaji ukurasa mmoja wa barua hiyo, nao ni mlima uitwao Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, ulioko Omani. Umechaguliwa huo kwa sababu tatu. Ya kwanza, watu wengi wa pwani hii, babu zao walitoka miji iliyo chini yake, kama Nizwa na Bahla na Rustaq, wakaja na majahazi katika musimu. Ya pili, jiwe lake ni ndugu wa jiwe lililojengewa misikiti na majumba ya Lamu na Mombasa na Unguja na Kilwa. Ya tatu, mlima ule ni hazina ya maji, na katika maji hayo mna hukumu ya sheria ambayo watu wengi wameisahau, na kwa kuisahau wanadhuriana, wala hawajui kuwa wanadhuriana.

FASILI YA KWANZA: SIFA YA MLIMA

Jua, ewe msomaji, kwamba ndani ya nchi ya Omani pana safu ya milima iitwayo al-Hajar, ianzayo kaskazini kwenye rasi ya Musandam ikapinda kama upinde hata karibu na Ras al-Hadd, mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Katikati ya upinde huo ndipo ulipo Jabal Akhdar. Kilele chake kirefu ni Jabal Shams, ambacho kimo chake ni kiasi cha mita 3,000 juu ya bahari, wala hapana kilele kingine katika Omani kilichokipita. Chini ya kilele hicho pana bonde la an-Nakhr, ambalo kuta zake zimekatwa wima kama zilizokatwa kwa msumeno, na kina chake ni kiasi cha mita 1,000. Mtu akisimama ukingoni akatazama chini, mitende huiona kama majani ya kunde.

Na upande wa mashariki wa mlima pana uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Huko hewa ni baridi, na mvua ni kiasi cha milimita 300 kwa mwaka, ambayo ni nyingi kuliko ya Maskati zaidi ya mara mbili. Wenyeji wamejenga matuta kwa mawe, ngazi baada ya ngazi, wakapanda mikomamanga na milozi na mawaridi. Waridi hilo huchumwa mwezi wa Aprili, likapikwa na kutolewa yale marashi yanayonyunyizwa watu katika maulidi, na sanda za maiti. Ndiyo maana mlima ukaitwa wa kijani. Ama sehemu yake kubwa ni jiwe tupu, jeupe-jeupe na la kijivu, lililopigwa na jua.

Na pembeni mwake pana majabali ya rangi nyingine, meusi na ya hudhurungi, mfano wa chuma kilichoungua. Hayo si jiwe la chokaa. Ni mawe yaliyotoka chini ya bahari ya kilindi, na ndani yake mna shaba iliyochimbwa na watu wa kale tangu maelfu ya miaka. Basi asimamaye mahali pamoja huona jabali jeupe na jabali jeusi yamekaribiana, na hilo ndilo lililotajwa katika Sura ya Fatir, kwamba katika milima mna mistari ya rangi mbali mbali, nyeupe na nyekundu na nyeusi sana. Na mara tu baada ya kutajwa rangi hizo, sura hiyo ikawataja wenye elimu kuwa ndio wamchao Mwenyezi Mungu. Zingatia mpango huo: milima kwanza, kisha wanazuoni.

FASILI YA PILI: ASILI YA JIWE LA CHOKAA

Mtu wa pwani hana haja ya kuambiwa mengi juu ya chokaa. Amekwisha kuona matumbawe yakivunjwa, yakapangwa juu ya magogo katika tanuu, yakachomwa hata yakawa unga mweupe. Anajua kuwa tumbawe ni nyumba ya mdudu wa baharini, na kombe ni nyumba ya mdudu mwingine, na kwamba nyumba hizo hubaki baada ya kufa wenyewe.

Basi Jabal Akhdar ni nyumba za wadudu hao, zilizorundikana moja juu ya moja. Wapimaji wa mawe wamethibitisha kwamba mahali pale palikuwa bahari yenye maji haba na ya vuguvugu, ukingoni mwa nchi ya Arabuni. Tangu zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita hata kiasi cha milioni 95 iliyopita, viumbe vya bahari hiyo vilikuwa vikizaliwa na kufa, na magamba yao yakianguka chini, tabaka juu ya tabaka, hata unene wake ukapita kilomita mbili. Na dalili iko wazi: magamba hayo yamo ndani ya mawe hata leo, katika mahali ambapo mtu akitaka kuiona bahari ni lazima asafiri siku kadha kwa punda.

Kisha ardhi ikasukumwa kwa amri ya aliyeiumba. Sakafu ya bahari ya kilindi, lile jiwe jeusi, ikapandishwa juu ya jiwe la chokaa. Na baada ya muda mrefu yote pamoja yakainuliwa na kupindwa mfano wa kuba la msikiti. Mvua na mito ikalikata kuba hilo utosini, hata yakafunuliwa mawe ya chini yaliyo makongwe zaidi. Katika bonde la Mistal, lililo kama bakuli kubwa, yako mawe yaliyoletwa na barafu zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Barafu katika Omani! Nchi ambayo msafiri wake wa kiangazi hutafuta kivuli cha mwamba kama mgonjwa anavyotafuta dawa.

FASILI YA TATU: SHUBUHA MBILI NA JAWABU ZAKE

Huenda mtu akasema: "Habari hizi za mamilioni ya miaka ni maneno ya watu wa Ulaya, na Mwislamu hapaswi kuyasikiliza." Jawabu yake ni kwamba Kurani haikutaja umri wa ardhi kwa hesabu ya miaka. Imetaja kwamba siku moja kwa Mwenyezi Mungu ni kama miaka elfu ya wahesabuo watu, na mahali pengine ikataja siku ambayo kadiri yake ni miaka elfu hamsini. Mwenye kuifunga kudura ya Mola katika hesabu ndogo hakuitetea dini, ameipunguza.

Tena habari hii haikuanza Ulaya. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kwamba jangwa la Arabuni lilikuwa bahari kisha likajaa, akatoa dalili kwa makombe yaonekanayo watu wachimbapo visima. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake cha al-Shifa jinsi udongo unavyogeuka jiwe kwa kupita zama nyingi, na jinsi milima inavyoinuliwa na kuchongwa na maji. Basi Mwislamu akiisikia elimu hii leo huwa ameirudia mali ya babu zake.

Na mwingine husema kinyume cha huyo: "Ikiwa sababu za mlima zimejulikana, hapana haja tena ya kumtaja Muumba." Huyu ni kama mtu aliyeingia katika nyumba, akaona mawe na chokaa na boriti, akasema: "Nimekwisha kujua nyumba hii imetokana na nini, basi haikuwa na mwashi." Kuijua kazi hakumwondoi mfanyi kazi. Bali kadiri kazi inavyofahamika ndivyo heshima ya mwenyewe inavyozidi.

Wala haifai kuilazimisha Aya iseme kila neno lisemwalo na wapima mawe. Kurani imeyaita majabali vigingi, na hilo huaminiwa kama lilivyokuja. Elimu ya watu huongezwa na kurekebishwa kila kizazi. Na neno la Mwenyezi Mungu halingoji kurekebishwa na mtu.

FASILI YA NNE: SAFARI YA TONE LA MVUA

Sasa lifuate tone moja la mvua lianguka juu ya Saiq. Lipitapo hewani na katika udongo, huchukua ile hewa ambayo mtu huitoa kifuani anaposhusha pumzi. Kwa hewa hiyo maji hupata ukali mdogo, ambao ulimi hauuhisi. Lakini jiwe la chokaa huuhisi. Kila mwenye nyumba ameona maji ya ndimu yakimwagika juu ya sakafu ya chokaa: hutoa povu, na mahali pale huliwa. Ukali wa mvua ni mdogo sana kuliko wa ndimu, ila mvua haina haraka. Mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne, maji huingia katika nyufa, yakazipanua, nyufa zikawa mianya, mianya ikawa njia, na njia ikawa mapango.

Chini ya Jabal Shams, karibu na al-Hamra, liko pango la al-Hoota, ambalo urefu wake ni kiasi cha kilomita nne na nusu, na baadhi yake ilifunguliwa kwa wageni mwaka 2006. Ndani yake mna ziwa, na katika ziwa mna samaki wadogo wasio na macho, kwani gizani hapana haja ya macho, na aliyewaumba huwapa riziki yao bila ya kuiona. Na darini mwa pango mnaning'inia mawe kama mishumaa. Maji yaliyolibeba jiwe kwa kuliyeyusha hulirudisha tena, chembe kwa chembe, linapodondoka tone. Amana iliyochukuliwa juu hurudishwa chini, wala haipotei.

Mafundisho ya jambo hili ni mawili. La kwanza: kilicho laini kimeshinda kilicho kigumu, kwa kudumu tu. Basi mwenye moyo mgumu asikate tamaa na dhikiri yake ndogo ya kila siku, wala mzazi asikate tamaa na nasiha yake kwa mwana. La pili ni kali zaidi. Katika Sura ya al-Baqara, Mwenyezi Mungu amezitaja nyoyo za watu waliokuwa wagumu kama mawe au kupita mawe. Kwani yako mawe yanayobubujika mito, na yako yanayopasuka yakatoka maji, na yako yanayoanguka kwa kumcha Yeye. Jabali la Omani limefunguka likawanywesha watu. Moyo wa mtu usiofunguka kwa jirani yake, umeshindwa na jiwe.

Na hapa pana jambo la tatu, ambalo ndilo litakalorejewa mbele. Maji yapitayo katika mchanga huenda polepole, na mchanga huyachuja. Ama maji yapitayo katika mianya ya jiwe la chokaa hukimbia kama yaendayo katika bomba. Hayachujwi. Kilichotiwa juu hutokea chini na uchafu wake, tena upesi, pengine mahali ambapo mwenye kukitia hapafikirii.

FASILI YA TANO: MAFALAJI

Maji ya mlima yanapofika chini, watu wa Omani huyapokea kwa mafalaji. Falaji ni mfereji. Aina yake iliyo ngumu, iitwayo daudi, huanza katika kisima mama kilichochimbwa karibu na mlima hata kukuta maji. Kisha huchimbwa njia chini ya ardhi, yenye mteremko mdogo mno, mpaka maji yatoke yenyewe juu ya ardhi kijijini, pasipo ndoo wala mashine. Aina ya pili hupokea maji ya bonde, nayo huitwa ghaili. Na ya tatu hupokea maji ya chemchemi, nayo huitwa aini. Wenyeji husimulia kwamba ya kwanza yalichimbwa na majini wa Nabii Sulaiman bin Daudi, amani iwe juu yao, na ndiyo asili ya jina lake. Yafanyayo kazi hata sasa ni kiasi cha 3,000, na mwaka 2006 matano katika hayo, miongoni mwao Daris la Nizwa na al-Khatmain la Birkat al-Mawz, yaliandikwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Lakini ajabu ya falaji si ule uchimbaji, ni ugawaji. Mahali maji yanapotokea kwanza ni pa kunywa, kila mtu, mwenyeji na mgeni, bila ya malipo. Baada yake huja mahali pa kutawadhia na kuogea, na mahali pa kuoshea maiti. Na mwisho mashamba. Na mashamba hugawiwa maji kwa zamu, na zamu hupimwa kwa saa: mchana kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa, na usiku kwa kuchomoza nyota. Fungu la zamu huitwa athari, nalo ni kiasi cha nusu saa. Yako mafungu yaliyowekwa wakfu kwa msikiti na kwa chuo cha Kurani, na yako yanayokodishwa ili yapatikane mapato ya kulitengeneza falaji. Na juu ya yote yuko wakili anayeaminiwa na watu. Tajiri hawezi kuizuia nyota isichomoze ili zamu yake izidi.

Watu wengi wa mlima ule ni wa madhehebu ya Ibadhi, na wasomaji wa kitabu hiki wengi ni Shafii. Katika jambo hili la maji, hapana tofauti ya kugombania. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika Minhaj yake, amelitaja falaji la shirika kwa jina la kanati, akasema maji yake hugawiwa kwa kuweka ubao wenye matundu kwa kadiri ya mafungu ya watu, au kwa zamu. Basi yafanywayo Nizwa yameandikwa katika kitabu kisomwacho Lamu.

FASILI YA SITA: HUKUMU ZA MAJI

Msingi wa hukumu ni kisa kilichopokewa katika Sahihi. Zubeir bin al-Awwam, mwana wa shangazi yake Mtume (s.a.w.), aligombana na mtu wa Ansari juu ya maji ya mfereji uliokuwa ukishuka katika ardhi ya mawe ya Madina. Shamba la Zubeir lilikuwa juu, na la Ansari chini. Mtume akamwamuru Zubeir anyweshe kidogo kisha amwachie jirani yake, kwa njia ya upole. Yule Ansari akasema kuwa hukumu ni hiyo kwa sababu Zubeir ni nduguye. Uso wa Mtume ukageuka rangi. Ndipo akamwamuru Zubeir atimize haki yake yote, ayazuie maji hata yafike kwenye kingo za shamba, nayo ikakadiriwa kuwa ni kimo cha vifundo vya miguu, kisha ayaachilie. Na Zubeir akasema kuwa anadhani Aya ile ya Sura ya an-Nisaa, ya kwamba hawaamini mpaka wamfanye Mtume kuwa hakimu wao, iliteremka kwa hilo.

Katika kisa hiki mna mambo mawili. Mwenye shamba la juu ana haki, lakini haki yake ina mpaka: vifundo vya miguu, hapana zaidi. Na juu ya haki pana jambo lililo bora kuliko haki, nalo ni upole, ambao ndio alioanza nao Mtume (s.a.w.).

Na katika madhehebu ya Imam Shafii, mwenye kisima katika milki yake si lazima atoe ziada ya maji kwa ajili ya mashamba ya watu. Lakini kwa kauli iliyo sahihi ni wajibu aitoe kwa wanyama wao wenye kiu. Basi ikiwa ni wajibu kwa mbuzi wa jirani, itakuwaje kwa mtoto wa jirani?

Na mas'ala iliyo karibu zaidi na watu wa mjini ni hii. Imam Nawawi amesema kuwa kila mtu hutumia milki yake kwa kadiri ya ada, na akipita mpaka hudhamini kilichoharibika. Watu hushika nusu ya neno hili. Mtu huchimba karo la choo hatua chache na kisima cha jirani, akiambiwa husema: "Kiwanja ni changu, shimo ni langu, unanidai nini?" Ameshika neno la milki, akaacha neno la kupita mpaka. Na katika Hadithi Arubaini alizozikusanya Imam huyo huyo, imo ile ikatazayo kudhuru na kudhuriana. Kila mtoto wa chuoni huihifadhi, na wazee wao huisahau.

Mwingine, ambaye amesoma kidogo, husema: "Maji yaliyofika kula mbili hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, ila yabadilike rangi au tamu au harufu. Maji ya kisima ni safi, hapana neno." Jawabu: hukumu hiyo ni ya tohara, yaani kufaa kwa udhu. Haikusema kuwa maji hayo hayaleti maradhi. Sumu pia yaweza kuwa tohara, na kuinywa ni haramu. Asiyepambanua baina ya kusihi kwa udhu na usalama wa mwili amewadhulumu watu kwa jina la fikihi.

FASILI YA SABA: JIWE LA PWANI

Basi na atazame mtu chini ya miguu yake. Mji wa Mombasa na mji wa Unguja imekaa juu ya matumbawe ya kale, ambayo bahari iliyaacha iliposhuka. Karibu na Tanga yako mapango ya Amboni, katika jiwe la chokaa lililo kongwe kuliko hayo, yaliyochimbwa na maji kama lilivyochimbwa pango la al-Hoota. Mlima wa Omani na mwamba wa pwani ni jiwe la jinsi moja, lina mianya ile ile, na hukumu yake ni ile ile: halichuji. Karo lililochimbwa katika tumbawe leo huwa kinywaji cha nyumba ya pili kesho.

Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869 kikaendelea mwaka 1870, kiliwaua watu wengi sana, hata makaburi yakawa shida. Maradhi hayo huenda na maji yaliyoingiwa na kinyesi. Waliokufa walikuwa wakiswali, na visima vyao walikuwa wakivitawadhia. Maradhi hayakuuliza ni nani aliyechimba shimo na ni nani aliyekunywa.

Na liko dhara la pili. Chini ya visiwa na ukingo wa pwani, maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi, kama samli juu ya maji. Mwenye kuvuta kwa kiasi hupata matamu. Mwenye kuweka mashine akavuta usiku na mchana, ili auze au anyweshe bustani yake, huipandisha chumvi. Na ikikwisha kupanda haimdhuru yeye peke yake, huharibu visima vya mtaa mzima. Huyo amevipita vifundo vya miguu.

Kwa hiyo, enyi ndugu, mwenye kujenga na achimbe karo lake mbali na kisima chake na cha jirani, wala asilielekeze katika ufa wala pango kwa kuona kuwa "linameza vizuri". Linamezea watu wengine. Na ajenge kuta zake na sakafu yake kwa saruji, lizuie. Na likijaa alitoe, asitafute njia ya kulipunguzia chini. Mwenye kisima na akifunike, wala asimfungie mlango jirani wakati wa kiangazi. Mwenye mashine na apatane na mtaa wake kwa zamu, kama wapatanavyo watu wa falaji. Na wazee wa mtaa wamchague mtu mwaminifu awe wakili wa maji, kama wanavyomchagua msimamizi wa msikiti. Na mwenye mali atakaye thawabu isiyokatika, na akumbuke kwamba Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake aliambiwa na Mtume (s.a.w.) kuwa sadaka iliyo bora ni maji, akachimba kisima, na kwamba Othman bin Affan alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake akawaachia Waislamu wote.

KHATIMA

Watu walimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya majabali, na Sura ya Taha ikajibu kwamba Mola atayavunja-vunja, ayaache uwanda mtupu usio na mteremko wala kilima. Jabal Shams, na kimo chake cha mita 3,000, na mamilioni ya miaka yaliyoujenga, litapeperushwa. Basi kiwanja cha mtu mmoja, na ukuta wake, na neno lake "shimo ni langu", vitakuwa wapi?

Kitakachobaki siku hiyo ni hesabu ya jirani na jirani. Atasimama mtoto aliyekunywa, na mwenye kuyachafua maji aliyokunywa, na Hakimu ni mmoja, wala hapana ukuta baina yao. Mwenye kutaka kuipunguza hesabu hiyo na aende leo, kabla ya Ijumaa ijayo, akatazame umbali wa karo lake na kisima cha mwenziwe, na akiona dhara aliondoe kwa mali yake. Kutazama huko pia ni katika ile amri ya kutazama.

Ewe Mola, uliyeyapasua mawe yakatoa maji, zipasue nyoyo za waja wako zitoe huruma. Ewe Mola, yafanye maji yao kuwa matamu na baraka, wala usiyafanye yakazama wakashindwa kuyafikia. Wasamehe waliodhuru kwa kutojua, na waongoze wanaodhuru kwa kujua, na warehemu waliokufa kwa kiu na kwa maradhi. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Na sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Amin.